Juu ya Kuuonea Haya Uso Wetu



Mwezi huu twataka kusema neno juu ya jambo lisilotajwa mara nyingi katika mahubiri, walakini limo katika kila usharika, na pengine katika kila nyumba. Ni habari ya mtu auoneaye haya uso wake mwenyewe. Hatusemi habari ya haya ya dhambi, ambayo ni kazi njema ya dhamiri. Twasema habari ya haya ya sura: kovu la moto shavuni, mabaka meupe ya ngozi, chunusi zisizokoma, mdomo uliopasuka tangu tumboni mwa mama, meno yaliyogeuka rangi. Swali ni hili: Mkristo ahuzunikaye kwa ajili ya uso wake, je, afanya dhambi? Na akitamani msaada wa daktari au wa mtu mwingine, je, aende kuutafuta, au anyamaze na kuvumilia?

Swali hili hatukulitafuta. Lilitujia lenyewe, na mara ya kwanza tulilijibu vibaya. Yafaa basi tuanze hapo.

Katika usharika mmoja tuliokuwa tukiutumikia chini ya mlima Meru palikuwa na binti wa miaka 19, mwenye sauti njema kuliko wenzake wote wa kwaya. Baada ya Pasaka alikataa kusimama mstari wa mbele. Kisha akakataa kupigwa picha pamoja na wenzake. Mwisho akaacha kuja mazoezini, na siku ya Chakula cha Bwana aliijia meza ya Bwana akijifunika kinywa kwa ncha ya kitambaa chake. Mwalimu wa kwaya alituambia ya kuwa binti huyu ameingiwa na kiburi. Tukamwita, akaja pamoja na mama yake. Ndipo tulipopata habari. Picha ya kwaya ilikuwa imepelekwa kwa simu kutoka mtu kwa mtu, na mmoja wa vijana alikuwa ameandika chini yake jina la kumdhihaki kwa ajili ya meno yake, ambayo ni ya rangi ya kahawia na yenye vishimo vidogo vidogo. Siku ya tatu jina lile lilikuwa limefika hata sokoni.

Tulimjibu kama wachungaji wengi wajibuvyo. Tulimwambia ya kwamba uzuri wa sura ni uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Tulimkumbusha habari ya Samweli katika nyumba ya Yese, jinsi Mungu alivyomkataza asitazame umbo la Eliabu. Tukaongeza ya kuwa wako watu wenye taabu kubwa kuliko yake, wasio na macho wala miguu, nao wamshukuru Mungu. Tukaona tumesema vema. Binti akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, nasadiki ya kuwa Mungu autazama moyo wangu. Lakini mimi nakaa na watu."

Hatukuwa na jibu. Tulifunga mazungumzo kwa sala fupi, na kwa kweli ilikuwa sala ya kukimbia.

Tena liko neno jingine ambalo hatuna budi kulikiri mbele yenu. Meno yetu sisi ni kama meno yake. Tulizaliwa upande ule ule wa mlima, tukanywa maji ya kijito cha namna ile ile. Katika picha zetu zote, tangu siku za seminari hata siku tulipobarikiwa kuwa mchungaji, midomo yetu imefungwa. Watu hudhani huo ni utulivu wa mtumishi wa Mungu. Basi tulimkemea mtoto wa watu kwa jambo tulilolificha sisi wenyewe zaidi ya miaka thelathini.

Yafaa kwanza tujue meno haya ni kitu gani, maana mara nyingi haya hukua katika giza la kutokujua. Wengi wetu tuliambiwa utotoni ya kuwa ni uchafu, au uvivu wa kupiga mswaki, au laana ya ukoo. Si kweli hata moja. Mwaka 1901 daktari mmoja wa meno, jina lake Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs, huko Marekani, akashangaa kuona watoto wengi wenyeji wa mji ule wana madoa ya kahawia menoni. Watu wa mahali pale nao walikuwa na maneno yao: wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine walisema ni maziwa mabaya. McKay alilichunguza jambo hilo muda wa miaka mingi, na hata mwaka 1931 ndipo sababu yake ilipojulikana kwa hakika: ni madini ya floraidi yaliyozidi katika maji ya kunywa. Floraidi kidogo hulinda jino lisioze, lakini ikizidi, huliharibu gamba la jino wakati lingali likijengwa ndani ya ufizi, mtoto angali mdogo. Jino hutoka likiwa limekwisha kupata doa. Wala mswaki hauwezi kuliondoa, kwa sababu doa halikupakwa juu, bali limo katika jino lenyewe.

Nchi yetu ya milima ya moto, Meru na Kilimanjaro, ina madini hayo kwa wingi, na vivyo hivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Kenya na Uhabeshi. Shirika la Afya la Ulimwengu limeshauri ya kuwa lita moja ya maji isizidi miligramu 1.5 za floraidi, na maji ya visima na vijito vingine vya kwetu yapita mno kiasi hicho. Hata magadi tutiayo katika chakula huongeza. Basi yule binti hakukosa neno lo lote. Alikunywa maji aliyopewa na mama yake, na mama yake alimpa maji aliyokuwa nayo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, ni dhambi kuuhuzunikia uso?

Tulipokwenda kuisoma tena habari ya Samweli, tuliona ya kuwa tulikuwa tumemsomea binti yule nusu tu ya neno. Maana Mungu alimwambia Samweli mambo mawili: ya kwamba yeye hutazama moyo, na ya kwamba wanadamu hutazama sura ya nje. Jambo la pili ni kweli kama la kwanza, na binti yule alikuwa amelijua kwa machozi yake. Tena, mistari michache baadaye, Maandiko hayakuona aibu kutuambia ya kuwa Daudi alikuwa mwenye macho mazuri na sura ya kupendeza. Biblia haiidharau sura. Yatuambia uzuri wa Raheli na macho ya Lea. Walakini yatuambia pia ya kuwa Mungu alimwona Lea asiyependwa, akamjalia watoto, na kwa mwanawe Yuda alitoka Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Mwokozi wetu. Haikuandikwa ya kuwa Lea alikemewa kwa huzuni yake. Imeandikwa ya kuwa Mungu aliiona.

Na katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529, twafundishwa katika maelezo ya Sehemu ya Kwanza ya Imani kusadiki ya kuwa Mungu ameniumba mimi, akanipa mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote. Watoto wetu wa kipaimara huyasema haya kwa moyo. Ikiwa uso ni zawadi ya Mungu, basi si jambo la kipuzi mtu akihuzunika zawadi ile ikiharibika. Mkulima ahuzunikaye kwa sababu shamba lake limeliwa na nzige hatumwiti mwenye kiburi. Uso tumepewa kwa ajili ya jirani: kwa uso twamsalimu, twamfariji, twacheka naye, twamwimbia Mungu pamoja naye. Mtu aliyefunga uso wake amefungiwa mlango wa kuwaendea wenzake. Huzuni yake si kujipenda tu. Pengine ni njaa ya ushirika.

Kiburi cha uso kipo, hatukani. Kiburi hutaka kuonekana kuliko wengine. Lakini haya hutaka kutoonekana kabisa. Ni magonjwa mawili mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi la pili. Aliyeketi juu mno yafaa ashushwe. Aliyejificha chini ya kitanda ukimshusha zaidi utamzika. Hilo ndilo kosa letu.

Walakini liko kosa jingine upande wa pili, nalo ni baya vilevile: kuitii haya kama mtu amtiivyo bwana wake. Haya ni mshauri mwenye haraka. Husema, Fanya neno lo lote, mradi uso huu uondoke. Tumeona vijana wasuguao meno yao kwa mchanga na kwa ndimu, wakiliondoa gamba lililosalia na kubakiwa na maumivu. Tumeona pia dada zetu wapakao nyusoni dawa za kujichubua. Nyingi za dawa hizo zina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupita katika ngozi na kudhuru figo, na mama mwenye mimba huweza kumdhuru mtoto asiyezaliwa. Haidrokwinoni ikipakwa muda mrefu huweza kuigeuza ngozi kuwa nyeusi ya mabaka, yaani kuleta lile lile alilolikimbia mtu. Serikali ya Tanzania imezikataza dawa hizo, na katika Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kuziondoa bidhaa za namna hiyo zenye zebaki. Hata hivyo zauzwa bado vichochoroni, maana haya hununua gizani, wala haiulizi kilichomo ndani ya kopo.

Tena uko ugonjwa ambao walimu na wazee yawapasa kuujua. Wako watu ambao uso wao hauna kasoro, au wana kasoro ndogo isiyoonekana na wengine, nao huiona kuwa kubwa kama mlima. Hukaa mbele ya kioo saa nzima, au hukikimbia kioo kabisa. Huuliza kila siku, Je, pua yangu ni mbaya? Nao hata wakijibiwa mara mia hawatulii. Huacha kazi, shule, na kanisa. Huu si utoto wala si pepo. Daktari wa Italia, Enrico Morselli, aliuandika na kuupa jina mwaka 1891, na madaktari wa leo husema ya kuwa huwapata kama watu 2 katika kila 100. Mtu wa namna hii akipasuliwa uso, mara nyingi hapati raha; huzuni huhamia mahali pengine pa uso. Msaada wake ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na pengine dawa apewazo na daktari wa magonjwa ya akili. Kumwambia tu, "Mbona u mzuri!" ni kama kumwambia mwenye homa ya malaria kwamba hakuna baridi.

Basi mtu atajuaje la kufanya? Hatuwezi kutoa sheria moja kwa watu wote. Lakini tumeona maswali manne yafaayo, na twawaandikia ili mwalimu apate kuyauliza kwa upole, au mtu ajiulize mwenyewe nyumbani mwake.

Swali la kwanza: Je, jambo lenyewe lipo, na ni kubwa kiasi gani? Asijihukumu mtu kwa kioo peke yake, wala kwa neno la mdhihaki. Awaulize watu wawili wampendao na wasiosema uongo. Wakisema, "Twaliona, nalo ni kama usemavyo," ajue ya kuwa hawazi bure. Wakisema, "Hatulioni," naye hawezi kuwasadiki, basi na hilo ni habari. Yampasa kutafuta msaada wa nafsi kabla ya msaada wa uso.

Swali la pili: Jambo hili laninyang'anya nini? Kama ni uchungu wa dakika moja asubuhi, kisha mtu huenda zake shambani na kuusahau, pengine yatosha kuvumilia. Lakini likimnyang'anya kazi, shule, uchumba, usingizi, kuimba, au meza ya Bwana, limekwisha kuwa mnyang'anyi, na hakuna fadhili katika kumfungulia mnyang'anyi mlango. Na ikiwa mtu amefika mahali pa kusema moyoni, "Heri nisingekuwako," asingoje wala siku moja. Wazazi wake, mwalimu wake, au mchungaji wake wasimwache peke yake, wampeleke hospitali siku ile ile, kama vile wangempeleka mtu aliyeumwa na nyoka.

Swali la tatu: Msaada huu ni wa namna gani, na mkononi mwa nani? Atoaye msaada wa kweli hutaja jina la ugonjwa, husema dawa yafanya nini na yaweza kudhuru nini, na mara nyingine husema, "Hili sitaliweza." Auzaye haya husema, "Lipa leo, kesho utakuwa mtu mwingine." Twamshukuru Mungu ya kuwa msaada wa kweli hauko mbali kama zamani. Madoa ya meno daktari wa meno huweza kuyapunguza kwa kuyasugua kwa dawa yake maalumu, au kuyafunika kwa kitu cheupe kigandishwacho juu ya jino. Mdomo uliopasuka hushonwa mtoto angali mchanga. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, wako madaktari wa ngozi, na madaktari wa nchi nyingine za Afrika wamefika huko kujifunza kazi hiyo. Tena mwenye chunusi kali asingoje hata zimwachie makovu, aende mapema.

Swali la nne: Nikisaidiwa, nategemea nini? Atakaye kuimba tena, kucheka tena, kumtazama mwenzake machoni, ataka jambo ambalo daktari aweza kumsaidia kulipata. Lakini atakaye kupendwa na watu wote, au kufanana na uso wa mtu fulani aliyemwona katika picha, ataka jambo lisilouzwa hospitalini. Picha nyingi za siku hizi zimekwisha kusafishwa kwa mashine kabla hazijatufikia. Hata mwenye uso ule hana uso ule.

Mtu atauliza, Je, kwenda kwa daktari si kukosa imani? Mtume Paulo alipokuwa na mwiba mwilini hakunyamaza. Alimwomba Bwana mara tatu umwondoke. Alipojibiwa ya kuwa neema yatosha, aliuchukua. Angalieni utaratibu wake: kwanza aliomba kwa nguvu, kisha akapokea. Sisi mara nyingi tumewaamuru watu wapokee kabla hawajaruhusiwa kuomba. Na Luther, alipoulizwa katika siku za tauni, aliandika mwaka 1527 ya kuwa Mungu ameumba dawa na kutupa akili ili tuutunze mwili, na ya kuwa mtu azidharauye dawa kwa makusudi amjaribu Mungu. Ikiwa ni halali kuuponya mguu ili mtu aende kanisani, ni halali pia kuuponya uso ili mtu auinue akiwa kanisani.

Sasa twageukia usharika, maana kuna hatari ya kumwachia mgonjwa peke yake kazi yote. Nani alimtia binti yule haya? Si jino. Jino alikuwa nalo tangu alipokuwa mtoto wa miaka 7, naye aliimba. Haya aliitiwa na ndimi zetu. Wazee wetu walisema, Hujafa hujaumbika, wakatuonya tusicheke kilema cha mtu. Na katika Amri ya Tano, isemayo habari ya kuua, Bwana wetu mwenyewe alifundisha mlimani ya kuwa neno la kumdhalilisha ndugu limo katika hukumu ile. Basi mwalimu asikiapo jina la dhihaka katika darasa la kipaimara, asicheke pamoja na watoto. Alisimamishe pale pale. Na mzazi asimwite mtoto wake kwa kasoro yake, hata kwa mapenzi. Maana jina lianzalo kwa kicheko nyumbani humaliza kwa machozi njiani.

Liko na jambo la maji. Katika mji mdogo wa Oakley, huko Idaho, Marekani, mwaka 1923, wazazi walimwita McKay kwa ajili ya madoa ya meno ya watoto wao. Aliwashauri waache bomba lao, walete maji ya chemchemi nyingine. Wakafanya hivyo, na miaka michache baadaye watoto waliofuata walianza kuota meno meupe. Watu wale hawakujua bado jina la madini. Walijua tu ya kuwa haya ya watoto wao si ya kuchekwa, bali ni ishara ya kufuatwa. Nasi tunayo njia. Katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wamefundisha kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huishika floraidi. Chujio la namna hiyo huwekwa hata katika ndoo ya nyumbani. Mkaa wake huchoka, hauna budi kubadilishwa. Lakini mtoto chini ya miaka minane anyweaye maji ya mvua au maji yaliyochujwa huweza kuokolewa meno yake. Usharika ujengao mnara wa kengele waweza pia kujenga tangi la maji ya mvua katika shule ya watoto.

Twamalizia habari ya binti yule. Baada ya majuma mawili tulikwenda nyumbani kwao, maana haikutupasa kumwita tena. Tulimwambia mbele ya mama yake ya kuwa tulikosa, na ya kuwa tulimsomea neno la Mungu kama fimbo. Kisha tulifanya jambo lililotuwia gumu kuliko mahubiri yo yote: tulifungua kinywa chetu tukamwonyesha meno yetu. Alitazama, akacheka, akajifunika kinywa kwa mkono, halafu akauondoa mkono. Tukamwuliza yale maswali manne. Kwa la pili alijibu upesi: "Limeninyang'anya kuimba." Kwa la nne alisema, "Sitaki kuwa mzuri, Baba. Nataka nisahau kwamba nina meno."

Alikwenda kwa daktari wa meno pamoja na mama yake. Daktari alimweleza bei bila kuficha, na ya kuwa kile kifuniko cheupe huweza kumeguka baada ya miaka, naye atalazimika kurudi. Akachagua kufunikwa meno manne ya mbele tu, maana fedha za kahawa hazikutosha zaidi. Leo yuko kwaya. Yule kijana aliyeandika jina la dhihaka alikuja mwenyewe kuomba msamaha. Msamaha aliupata, ila jina lile lasikika bado mara moja moja sokoni, nasi hatuna uwezo wa kuliita lirudi. Ulimi hauna daktari wa kuushona baada ya kukata.

Siku moja binti alituuliza, "Na wewe je, Baba Mchungaji? Hutakwenda?" Tulijiuliza maswali yetu wenyewe. Tukaona ya kuwa meno haya hayatunyang'anyi tena kitu, tangu siku ile tulipoyaonyesha. Basi tumeyaacha. Yeye alikwenda, sisi tulikaa, na hatudhani ya kuwa mmoja wetu alikosa. Maana kitu kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa kimoja: uso ulio huru kumtazama jirani.

Kila Jumapili, mwisho wa ibada, twawaaga washarika kwa Baraka ya Haruni, ambayo ndani yake uso wa Mungu watajwa mara mbili: jinsi uangazavyo juu yetu, na jinsi auinuavyo kutuelekea. Miaka mingi tumeinua mikono na kuyasema maneno hayo juu ya vichwa vilivyoinama, wala hatukuuliza kwa nini vingine vimeinama kuliko ilivyo desturi ya sala. Ndugu walimu, Jumapili ijayo tazameni. Mkimwona mtu aipokeaye baraka ile akiwa amefunika kinywa chake, msimkemee. Mwendeeni nyumbani kwake, tena mwendeeni nyuso zenu zikiwa wazi.

Bwana awe pamoja nanyi nyote. Amin.